Sista Syokau na Jeraha la Mkwe

Kwa Ndululu ni soko dogo baina ya Kanyangi na Kwa Vonza, na zahanati yake ilijengwa na wananchi wenyewe kwa harambee, miaka michache baada ya uhuru. Ilikuwa na baraza la kusubiria, chumba cha matibabu, na kichumba cha dawa nyuma ya pazia. Meza ya muuguzi iliwekwa upande wa mbali wa chumba cha matibabu, chini ya dirisha, ili apate mwanga. Mlango ulikuwa mmoja. Mgonjwa akiingia na jamaa zake, walisimama kati ya muuguzi na mlango huo. Waliojenga hawakuliona hilo kuwa neno. Walifikiria mwanga.

Hapo ndipo mama yangu mdogo, Syokau, alipofanya kazi zaidi ya miaka ishirini. Watu wote walimwita Sista, hata wazee waliomzidi umri. Alikuwa mrefu, mkavu, si mwepesi wa kucheka, na mikono yake ilinuka spiriti hata Jumapili kanisani. Mumewe alikufa mapema akamwachia mtoto mmoja tu, Mbinya. Alimlea, akamsomesha kiasi alichoweza, na alipoolewa na Mutie, mchuuzi wa mbuzi wa ng'ambo ya mto, Syokau alishukuru kwamba mtoto hakwenda mbali. Wajukuu walikuja mbio mbio. Jioni akitoka kazini aliwakuta langoni mwake, wamemsubiri wamkague mifuko.

Mutie hakuwa mtu mbaya. Alipenda mzaha, na mbuzi aliwajua kuliko watu. Lakini siku za soko alikunywa kaluvu, pombe yetu ya miwa, na akiinywa alizidi kuwa mcheshi, halafu ghafla akawa mkali.

Sasa, sisi Wakamba tuna nthoni. Ni heshima na haya kwa pamoja. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, hamtaji jina, hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani mpaka mwingine apite. Mama mkwe naye hivyo hivyo. Shule na kanisa vimeilegeza, lakini pale Kwa Ndululu, miaka ile, hata waliookoka waliishika. Pasta mwenyewe akimwona mama mkwe wake sokoni aligeuka akaanza kukagua vitunguu asivyonuia kununua.

Kwa hiyo Mutie alipougua kifua, zahanati ilikuwa na utaratibu wake. Alikuwako Muthama, dresa aliyejifunza kufunga vidonda jeshini, mnene na mwenye maneno mengi. Mutie alikaa kwenye kiti, Muthama akasimama mbele yake, na Syokau akaenda kukaa nyuma ya pazia kati ya makopo ya dawa.

"Mwulize huyo mgeni anakohoa tangu lini," Syokau alisema kutoka huko.

"Mgeni, unaulizwa unakohoa tangu lini."

"Mwambie tangu Jumapili."

"Mwenye pazia, anasema tangu Jumapili."

"Nimesikia, Muthama. Mwulize kama akikohoa anatoa damu."

"Mimi nimeandikwa kazi ya dresa," Muthama alisema, akiwageukia wagonjwa barazani, "lakini naona nimekuwa redio."

Watu walicheka, Mutie naye akacheka mpaka kikohozi kikampanda. Hata nyuma ya pazia kulikuwa na kicheko kidogo. Ulikuwa ni mchezo, na kila mtu aliujua, na uliwafaa wote.

Muthama alistaafu mwaka wa njaa ile kubwa ya 1984. Hakuletwa mwingine. Syokau alikwenda kwa Mzee Nzuki, mwenyekiti wa kamati ya zahanati na mzee wa kanisa letu, akamkuta anapura mbaazi chache alizopata.

"Mwenyekiti, nataka mwanamume pale. Hata kama ni mlinzi tu. Siku za soko nakuwa peke yangu na walevi."

"Mlevi gani wa hapa asiyekujua, Sista? Wote umewachanja wewe."

"Niliwachanja wakiwa wadogo. Siku hizi ni wakubwa."

Mzee Nzuki alicheka sana, akamwambia jambo hilo litazungumzwa. Halikuzungumzwa.

Na ule haukuwa wakati mwema wa kuwa peke yako mahali kama pale. Watu walitembea kutoka mbali na njaa tumboni, wakafika asubuhi, wakangoja mpaka jua likapita utosini. Wakiingia, dawa zilikuwa zimekwisha. Walioshindwa kuzileta walikuwa mbali, katika ofisi ambazo hakuna kati yetu aliyepata kuziona, lakini neno "hakuna" lilitoka kinywani mwa Syokau. Mwanamke mmoja alimtemea mate. Mzee mmoja alipindua benchi akaondoka akilaani. Syokau alipangusa mate, akainua benchi, akaita mgonjwa anayefuata. Hakumwambia mtu. Aliyahesabu mambo hayo kuwa sehemu ya kazi, kama uchovu wa miguu.

Siku moja ya soko, mwaka uliofuata, mvua ilikuwa imenyesha, watu wamepata mavuno kidogo, na kaluvu ilirudi. Alasiri wanaume wanne walikuja wakisukuma mkokoteni kwa kelele. Juu yake alilala Mutie. Alikuwa amegombana na mtu juu ya bei ya beberu, akakatwa panga pajani, juu kabisa, karibu na kinena. Walimwingiza ndani wakamlaza kitandani, nao wakabaki humo humo wote wanne, wananuka pombe, wanapiga kelele kila mmoja akieleza kisa kwa namna yake.

Syokau alipomtambua, miguu yake yenyewe ilimpeleka nyuma ya pazia. Aliniambia hivyo miaka mingi baadaye, jikoni kwake, akichambua maharagwe. Miguu ilikwenda kabla yake.

"Mpelekeni Kanyangi!" alisema kutoka huko.

"Kwa kitu gani, Sista? Kwa mkokoteni?"

"Tafuteni gari."

"Gari zimeondoka. Sista, huyu anaisha!"

Aliisikia damu ikidondoka sakafuni. Akamfikiria Mbinya akiwa mjane katika umri ule ule aliokuwa nao yeye alipofiwa. Akatoka.

Alifunga leso usoni chini ya macho, kana kwamba hiyo ingesaidia heshima, akakata suruali kwa mkasi, akaubana mshipa kwa ngumi yake na kitambaa. Damu ilipungua. Akawaambia wale wanaume, "Tokeni nje. Mmoja tu abaki amshike."

"Sisi ni ndugu zake. Hatutoki."

"Basi geukeni muangalie ukuta."

Walisita. Wawili waligeuka. Lakini kulikuwa na mmoja, mlevi kuliko wote, ambaye kitu kile kilimshinda nguvu. Alijikunja kwa kucheka.

"Mutie! Amka wewe! Mama mkwe anakuvua suruali!"

Mutie alifumbua macho. Aliona uso wa mama mkwe wake juu yake, na mikono yake pale ilipokuwa. Nadhani kaluvu peke yake isingefanya alichofanya, na haya peke yake isingefanya pia. Alishika bakuli la chuma lililokuwa kando ya kitanda, lile la vyombo, akampiga nalo upande wa kushoto wa kichwa. Syokau alirudi nyuma, akagonga meza. Nyuma ya meza ni ukuta. Mlangoni wamesimama watu. Mutie akampiga mara ya pili.

Hapo ndipo wale wengine walipomrukia Mutie wakamshika. Syokau akasimama, damu yake ikishuka shingoni, akasema, "Mshikeni hivyo hivyo. Sijamaliza." Akamshona.

Mutie alipona kabisa, akatembea bila hata kuchechemea. Sikio la kushoto la Syokau halikusikia tena. Ndilo alilolitumia kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, akiinamia kile kipembe cha mbao juu ya tumbo la mama. Ilimbidi ajifunze upya kwa sikio la kulia, na wajawazito wakashangaa kumwona akizunguka kitanda.

Habari zilienea siku hiyo hiyo, lakini zilienea kwa njia yake. Watu hawakusema kwamba muuguzi amepigwa kazini. Walisema nthoni imevunjwa. Vibarazani wazee walibishana ni nani aliyeivunja kwanza: aliyemvua mkwe nguo, au aliyempiga mama mkwe. Wengine walisema Sista angetoka akamwacha. Wengine wakauliza, "Afe?" Na wale wa kwanza walinusa ugoro, halafu wakaendelea.

Chifu alikuwa tayari kutuma askari. Alimwambia Syokau atoe neno tu.

Jioni ile Mbinya alikuja na mtoto mgongoni.

"Mwaitu," alisema, yaani mama yangu, "akifungwa, mimi nitakwenda wapi?"

"Utakuja hapa."

"Na watoto? Watoto ni wa ukoo wao. Hawataniachia hata mmoja. Unajua hawataniachia."

Syokau alimpokea mtoto akampakata.

"Alikuwa hajijui, Mwaitu. Amelia. Mimi sijawahi kumwona akilia."

"Nilikuwa kazini, Mbinya."

"Najua."

"Nilikuwa nimevaa nguo za kazi."

"Najua, Mwaitu. Lakini wewe una kazi, na mimi nina nini?"

Wajukuu walikuwa wamekwisha kuingia, wanamkagua mifuko, wanauliza kwa nini kichwa cha susu kimefungwa. Susu kwetu ni nyanya. Syokau aliwaambia amejigonga. Hivyo ndivyo alivyojibu neno la binti yake, na kwa chifu hakwenda.

Palibaki kupatanisha. Wazee wa ukoo walitaka ng'ondu, ule utakaso wa kimila unaofanywa kwa yaliyomo tumboni mwa mbuzi. Kanisa lilikataa kata kata. Mwishowe iliafikiwa kwamba Mutie ataleta mbuzi, pasta ataomba, na watu watakula.

"Hii si ng'ondu," pasta alitangaza, mikono juu. "Hii ni chakula cha mchana."

"Basi mbona mbuzi ameletwa na mkosaji?" mzee mmoja aliuliza.

"Kila chakula huletwa na mtu, mzee wangu."

"Na mbona tumbo la mbuzi limewekwa kando?"

"Hilo mimi sijaliona," pasta alisema, akafumba macho akaanza kuomba.

Baada ya kula, Mzee Nzuki alisimama akaweka sharti, na wote wakaitikia. Jambo lile limezikwa. Asilitaje mtu tena, si nyumbani, si kanisani, si mbele ya serikali. Atakayelifukua kwa mdomo wake, huyo ndiye amekata ukwe, na watoto watabaki upande wa baba yao. Syokau aliitikia kama wengine. Halafu akasema ana ombi moja.

"Nataka mwanamume pale siku za soko. Na mlango wa pili nyuma ya meza yangu."

"Sista," Mzee Nzuki alisema kwa upole, "hayo ni mambo ya kazi. Leo tunazungumza ya jamii. Tusichanganye."

Mwezi uliofuata Syokau alilipeleka ombi lile lile kwenye kamati. Mzee Nzuki akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Lakini tatizo liko wapi, Sista? Lile lilikuwa la jamii, na limekwisha. Kazini hakujatokea kitu."

Sina hakika kama Mzee Nzuki alijua alichokuwa anafanya. Alikuwa mtu mwema, aliyeamini kwamba kilichofunikwa vizuri kimepona. Wengi wetu tuliamini hivyo.

Wariara, muuguzi wa pili, aliletwa mwaka wa 1987. Alikuwa msichana wa upande wa Murang'a, mfupi, mchangamfu, ametoka chuoni juzi. Kikamba alikiokota sokoni, akakichanganya na Kiswahili na Kikikuyu mpaka akina mama wakija kliniki walimfanya aseme tena ili wacheke. Alikaa nyumbani kwa Syokau miezi ya kwanza, akamwita Mama.

"Mama, watu wa huku wanaongea pole pole kama wameficha kitu."

"Wamechoka tu. Kula."

Syokau alimpenda. Nafikiri alimpenda kwa sababu alisema kila kitu kilichompitia kichwani. Na alimwogopea. Sasa walikuwa wawili, lakini mara nyingi mmoja alikwenda kwenye chanjo vijijini na mwingine akabaki peke yake. Kwa hiyo wiki ya kwanza alimsaidia kuivuta meza kutoka dirishani mpaka karibu na mlango.

"Siku ya soko kaa hapa," alimwambia.

"Kwa nini, Mama?"

Sharti la mbuzi lilikuwa mdomoni mwake kama kufuli. Wariara alikuwa msemaji. Angemwambia leo, kesho akina mama wa kliniki wangekuwa nalo, na kesho kutwa Mutie.

"Pale dirishani pana joto," Syokau alisema.

Wariara alivumilia wiki moja au mbili, kisha akairudisha meza dirishani. Joto lilikuwa lile lile, alisema, na huku mlangoni haoni hata namba za kipimajoto. Syokau aliikuta imerudi. Aliivuta tena. Ikarudi tena. Mwishowe aliiacha.

Siku ya soko, mwishoni mwa msimu wa kupanda, Syokau aliitwa mjini Kitui kwa mafunzo. Wariara alibaki. Baraza lilijaa tangu alfajiri, na kati ya waliongoja alikuwako mkulima kutoka mbali, Mulei, aliyembeba mtoto wa ndugu yake begani. Mtoto alikuwa na homa. Mulei alikaa kimya penye nafasi yake, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusukumana. Kwenye kichumba cha dawa mama mmoja alikuwa anajifungua, na mtoto alitanguliza miguu, kwa hiyo Wariara hakuweza kumwacha. Watu walibisha mlango. Akawaambia wangoje. Wakabisha tena. Akawaambia kwa sauti kali, kwa lugha yake ya mchanganyiko, na wakasema mgeni anawatukana. Alipotoka hatimaye, mikono ina damu, ametabasamu kwa sababu yule mama na mtoto wamepona, Mulei aliingia akamlaza mtoto mezani. Mtoto huyo alikuwa amekwisha kufa.

Mulei aliliona lile tabasamu. Hilo ndilo alilolieleza polisi baadaye, mara nyingi, kama mtu anayetaka wamsaidie kulielewa. Alichukua kigoda. Wariara alikuwa nyuma ya meza, chini ya dirisha.

Mkono wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, na jicho moja halikuokolewa. Syokau alimkuta hospitalini amefungwa uso nusu. Alikaa kando ya kitanda muda mrefu.

"Mama," Wariara alisema, "kwa nini uliniambia niivute ile meza?"

Syokau akamwambia. Alimwambia yote, bakuli, mkwe, mbuzi, kwa sauti ya chini, akiwa amegeuza sikio lake zima upande wake. Wariara alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwa amepata kulifanya.

"Kumbe haikuwa joto," alisema.

"Haikuwa joto."

"Ungeniambia tu, Mama. Ningeiacha mlangoni."

Hakusema kwa hasira. Syokau alisema angependelea hasira.

Baraza liliitishwa pale uwanjani mbele ya zahanati. Alikuja ofisa wa afya kutoka wilayani, kijana mwenye miwani, akakaa na chifu kivulini. Kamati ilisimama. Mzee Nzuki alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Alimpa pole binti aliyeumia. Akasema Kwa Ndululu ni watu wa amani, wacha Mungu, na tangu zahanati ile ijengwe hajapata kupigwa mtu ndani yake. Kwa hiyo lazima kitu kilikuwa kwa msichana mwenyewe. Hajui lugha. Ana mdomo mkali. Labda wageni wasiletwe tena. Watu walitikisa vichwa kukubali, na ofisa alikuwa akitikisa chake pia. Ilionekana jambo litakwisha pale: Mulei ana kesi yake, Wariara ana tabia yake, na chumba kinabaki kilivyo.

Mbinya alikuwa amekaa kati ya wanawake na mtoto mdogo mapajani. Mutie alisimama nyuma, kati ya wanaume. Syokau aliwaona wote wawili kabla hajasimama.

"Mwenyekiti," alisema, "umesema humo hajapata kupigwa mtu."

"Keti, Sista," Mzee Nzuki alisema haraka, kwa Kikamba.

"Nilipigwa mimi."

Ofisa akainua kichwa.

"Sista, jambo hilo tulikwisha kulila," Mzee Nzuki alisema.

"Mlikula mbuzi. Jambo mliliacha mle ndani, likamngoja huyu msichana." Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa peke yangu, na yeye alikuwa peke yake. Kwangu siku ya soko, kwake siku ya soko. Mimi nilikosa mahali pa kupita, na yeye akakosa. Mimi nilikuwa Mkamba, nimewazalisha wake zenu, naijua lugha. Nikapigwa vile vile. Basi msiniambie ni mdomo wake."

"Ni nani aliyekupiga?" ofisa aliuliza.

"Mume wa mtoto wangu. Jina lake silitaji, kwa sababu mpaka sasa hivi bado ni mkwe wangu."

Mutie aligeuka akaondoka kwa mwendo wa kawaida, kama mtu aliyekumbuka mbuzi wake. Watu walimpisha. Mbinya alibaki amekaa mpaka baraza lilipokwisha, na watu walipotawanyika alimwendea mama yake.

"Ungeniambia jana, Mwaitu."

"Ungenizuia."

"Ndiyo, ningekuzuia. Lakini ungekuwa umeniambia."

Akamweka mtoto mgongoni, akafunga leso, akaenda.

Kabla ya mvua iliyofuata walihama. Mutie alikuwa na mjomba mwenye duka Kasikeu, upande wa pili, Makueni, akawapokea. Langoni kwa Syokau hapakuwa na mtu tena jioni. Zahanati ilipata mlango wa pili, ua wa waya, mlinzi, na amri kwamba siku ya soko wauguzi wawe wawili. Havikuja kwa pamoja wala haraka, lakini vilikuja, na tangu hapo sijasikia muuguzi kuumizwa mle. Wariara hakurudi. Aliacha uuguzi, na mara ya mwisho niliambiwa anauza vitambaa Thika.

Nilimwuliza mama mdogo kama anajuta. Alisema hajuti kumshona Mutie, wala hajuti kusema barazani. Anajutia ile miaka ya kunyamaza katikati. Alisema aliinunua kwa ajili ya wajukuu, na aliyeilipa ni mtoto wa watu wengine, na mwishowe wajukuu hakuwapata pia.

Alipostaafu alikwenda Kasikeu, mara moja tu. Nilimsindikiza. Mutie alikuwa amesafiri, au alisafiri aliposikia. Mbinya alikuwa amenenepa, anapima sukari nyuma ya kaunta. Alitusalimu kwa mkono, akafunga duka, akatupeleka nyumbani akatupikia chai ya maziwa mengi. Walizungumza juu ya mvua, bei ya mahindi, nani amekufa Kwa Ndululu na nani ameoa. Watoto wakubwa walikuwa shule za bweni. Yule mdogo, aliyekuwa mapajani siku ya baraza, sasa alikuwa kijana wa kuchunga ng'ombe. Aliingia, akamtazama yule mwanamke mrefu, akaenda kuleta kiti chenye mgongo kutoka chumbani.

"Karibu, Sista," alisema.

Mbinya hakumsahihisha aseme susu. Syokau alikaa kwenye kile kiti, akamshukuru mtoto, akamwuliza yuko darasa la ngapi, na mtoto alipojibu ilibidi arudie, kwa kuwa alikuwa amesimama upande wa kushoto.